Kabla hujachagua taili, uliza nani ataoga hapo

Nyinyi mnaoanza hii kazi ya kutengeneza mabafu, najua mnakuja na mapicha kwa simu, taili nyeupe zinang'aa, kioo kikubwa, shawa ya mvua. Sawa, ni poa. Lakini nyumba nyingi za Nairobi mtaingia zina shosho, kuna baba na mama, kuna katoto ka miaka minne na mwingine wa sekondari anayekaa huko ndani saa nzima, na wote ni bafu hiyo moja.

Wacha niwape yangu. Kazi yangu ya tatu hivi ilikuwa Buruburu, zile maisoneti za zamani, mteja anataka bafu ikae ya hoteli. Nikapiga taili za kung'aa, nikafunga chuma cheusi cha taulo karibu na choo, kimekaa smati. Wiki mbili baadaye napigiwa simu. Mama mkwe wa mteja ametoka Murang'a kuja kliniki, akitaka kuinuka kwa choo akashika hicho chuma, kikang'oka na skrubu zake na kipande cha taili. Mungu ni mkubwa alirudi tu akakalia choo, hakuanguka, lakini aibu niliyopata siwezi kueleza. Skrubu zilikuwa fupi, zimeshika plasta, hazijafika kwa jiwe.

Tangu hiyo siku kila chuma nafunga nikijua kuna mtu atakishika, hata cha taulo. Cha kuinukia kinakaa kama senti (sentimita) 85 hadi 90 kutoka chini, na skrubu iingie kwa jiwe lenyewe. Kama ukuta ni wa jipsam weka mbao nyuma kabla hujafunga, ukisahau hapo utakuja kubomoa. Hata kama saa hii hakuna mzee kwa nyumba weka tu hiyo mbao, alafu piga picha ukuta ukiwa wazi na tepu imeshikiliwa hapo, umtumie mteja ajue mbao iko wapi. Na siku hizi hivyo vyuma viko vya kila rangi, hakuna mtu atasema umemjengea wodi.

Sasa maji, na hapa ndio wengi huanguka. Maji ya Nairobi ni ya zamu, kwa hivyo watu wanaishi na tenki juu na mtungi kando ya choo. Tenki ikiwa mita mbili tu juu ya shawa, presha ni kama ba 0.2 (ba ni kipimo cha presha), hiyo ni kidogo sana, ile shawa kubwa ya mvua itakunyunyizia tu kama asubuhi ya Limuru. Ama uweke pampu ama uachane nayo. Alafu kuna kitu hakuna mtu hukufundisha, wazee wengi wanaoga na beseni wakiwa wamekaa, shawa ya elfu thelathini hawataigusa. Kuna mama wa mteja wangu huko Donholm alikuwa anaoga amekalia kiti cha plastiki, na kiti chenyewe kinateleza. Nikajenga benchi ya mawe ya senti 45, nikaipiga taili ileile ya ukuta, nikaweka bomba chini kando yake la kujaza beseni. Sasa watoto wanaogeshewa hapo, na kijana wao wa sekondari ndipo anaweka spika yake.

Chini tumia taili za mati, yaani zisizong'aa, zile zimeandikwa R11 ama hata R10 (hiyo R ni kipimo cha kutoteleza, namba ikipanda inashika zaidi), na usiweke kingo ya kuruka ukiingia shawa. Slopu ya senti moja na nusu hadi mbili kwa kila mita inatosha. Fundi wa taili atakuambia "itaenda tu boss", wewe mwaga ndoo ya maji ukiwa umesimama hapo, uone yenyewe yanaenda wapi kabla taili hazijapigwa.

Mlango ufunguke kwa nje, ama wa kusukuma kando, juu mtu akianguka nyuma ya mlango wa kuingia ndani utamtoa aje? Upana wa tundu usipungue senti 80, na kama kuna kiti cha magurudumu fanya 90. Solar ya maji inaweza kupita digrii 60 na hiyo inachoma mtoto kwa sekunde chache, kwa hivyo miksa ya themostati, ile inachanganya maji moto na baridi yasipite joto uliloweka, si anasa. Insta shawa, ile ya umeme inayopasha maji papo hapo, ikose waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini? Usikabidhi hiyo kazi.

Na kama nafasi iko, tenganisha choo na shawa. Basi ya shule inakuja saa kumi na moja na nusu na watu watano wanapanga laini. Kuna mteja alikataa akasema ukuta unakula nafasi, nikamuuliza, sasa baba mkwe akija kutoka ushago, akisimama kwa koridoo akingoja choo, ni nani atapita mbele yake na taulo? Alinyamaza kidogo, akasema nilete mawe.