Kifua Kilipokosa Nguvu ya Kukohoa

Juzi msomaji wa Tabata aliniandikia: "Dada, nina maltipo sklerosisi, na siku hizi nikilala chali pumzi inakata, nyumbani wanasema ni pumu." Nilishindwa kumjibu papo hapo, kwa sababu mimi pia nina ugonjwa huo, na neno hilo pumu niliishi nalo miezi 7.

Hospitalini nilipewa dawa ya kuvuta, kifaa cha kidoleni kikasoma oksijeni ya damu asilimia 98, na daktari akaniambia nipunguze wasiwasi. Kauli hiyo inaniuma mpaka leo. Hakuna aliyeniambia nikohoe, ilhali angesikia kikohozi kisicho na nguvu hata ya kuzima mshumaa. Katika maltipo sklerosisi kinga ya mwili hushambulia ala ya mafuta inayofunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, na misuli ya kutoa pumzi, hasa ya tumbo, mara nyingi hudhoofika kabla ya ile ya kuvuta hewa. Makohozi hubaki kifuani, chakula hupalia, na mapafu hupata maambukizi. Mimi nilipaliwa na uji mwezi Februari, katika lile joto la Dar es Salaam linalotuzidishia udhaifu sisi wenye maradhi haya, nikalazwa siku 11 kwa nimonia.

Baadaye mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kupuliza kifaa kidogo kinachokinza pumzi ili misuli ipate nguvu, asubuhi na jioni. Nilianza nikihesabu hadi 12 kwa pumzi moja. Leo ninafika 27, na ninajivunia kila namba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mwombe daktari wako wa mishipa ya fahamu akupime pumzi ukiwa umeketi, kisha ukiwa umelala. Ukiamka na maumivu ya kichwa na kusinzia mchana, mweleze, kwani huenda hewa ukaa inabaki mwilini usiku, na kifaa cha kidoleni hakiipimi. Kula ukiwa umeketi wima. Usimeze dawa za usingizi bila kumwuliza. Usiache kuuliza hata ukiitwa mwoga, maana pumzi ni yako na wewe ndiye unayejua inapokatikia. Na ikiwa huwezi kumaliza sentensi bila kutweta, au midomo inageuka rangi, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Waamshe wa nyumbani wakupeleke hospitali usiku huohuo.