Maswali ya Wasomaji: Dawa za Asili za China na Ugonjwa wa Sonona

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Mtanzania ninayesoma Guangzhou. Tangu mwaka jana natumia fluoksetini kwa ajili ya sonona, na nafuu niliyoipata ni ya kiasi tu. Mzee mmoja mwenye duka la dawa za asili amenishauri niache vidonge hivyo nitumie Xiaoyao San, kwa kuwa imetumika kwa karne nyingi. Je, imepimwa kitaalamu?
Msomaji, Guangzhou

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Naanza na lililo la haraka: usiache fluoksetini kwa ushauri wa dukani. Kuikatiza kunaweza kuurudisha ugonjwa, na aliyekuandikia ndiye wa kuamua ipunguzwe vipi. Mweleze kwamba nafuu haijatimia, kwani hauko peke yako: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006, takriban theluthi moja tu ya wagonjwa ndio waliotokwa na dalili kwa dawa ya kwanza, na wengine wakabadilishiwa au kuongezewa dawa.

Kuhusu umri wa Xiaoyao San, mzee amesema kweli. Imo katika kitabu cha famasia ya kifalme ya China, enzi ya Song, zaidi ya miaka 900 iliyopita, na ina viungo vinane, vikiwemo mizizi ya Kichina iitwayo chaihu na danggui, likorisi, mnanaa na tangawizi. Lakini umri peke yake haututoshi. Mmea wa pakanga ya China ulitajwa kuwa dawa ya homa tangu karne ya 4, ila tiba ya malaria tunayoitegemea leo, pamoja na dawa mseto ya hospitali zetu, ilipatikana baada ya mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake kutoa kiini chake mwaka 1972 na kukijaribu kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa.

Na malaria ilikuwa na wepesi wake, kwa sababu vimelea huhesabika kwa hadubini. Sonona haina kimelea. Mtafiti humhoji mgonjwa kuhusu usingizi, huzuni, hatia na hamu ya kula, kisha humpa alama, mara nyingi kwa kipimo alichokitunga daktari wa akili Max Hamilton mwaka 1960. Na alama hizo hushuka hata kwa mtu aliyemeza kidonge kitupu, maadamu amesikilizwa na ana matumaini. Kwa hiyo jaribio la haki hugawa wagonjwa kwa kura, kundi moja lipewe dawa na jingine kitu kinachofanana nayo kisicho na nguvu, bila mgonjwa wala mpimaji kujua nani amepewa nini. Xiaoyao San imejaribiwa mara nyingi, hasa nchini China, na matokeo mengi yanaipendelea, hasa inapotumiwa pamoja na dawa za hospitali. Nayapokea kwa tahadhari, kwani majaribio mengi yalikuwa madogo na ya wiki chache, na katika mengi mgonjwa alijua anachokunywa. Ni dawa inayostahili kupimwa vizuri zaidi, lakini haijafikia kiwango cha kuchukua nafasi ya vidonge vyako.

Ukitaka kuiongeza, mpelekee daktari pakiti yenyewe. Likorisi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na danggui haipatani na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wengi mjini Brussels waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza uzito, kwa sababu badala ya mmea mmoja wa Kichina kilitiwa mmea mwingine wenye sumu, aristolokia.

SWALI: Mganga wa Kichina humchanganyia kila mgonjwa dawa yake. Majaribio ya kundi zima yatawezekanaje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Yanawezekana. Nchini Australia, Alan Bensoussan na wenzake walitangaza mwaka 1998 jaribio la wagonjwa 116 wenye maradhi ya utumbo yanayoleta maumivu na kuvurugika kwa choo. Waganga waliwapima wote na kuwaandikia dawa, lakini kura iliamua nani apewe kapsuli za dawa aliyoandikiwa, nani mchanganyiko mmoja wa wote, na nani kapsuli tupu. Makundi mawili ya dawa yalipata nafuu zaidi. Wiki 14 baada ya matibabu, waliochanganyiwa dawa zao binafsi ndio waliokuwa bado na nafuu hiyo. Utaratibu huohuo ningependa utumike kwa sonona, kwa wagonjwa wengi zaidi na kwa miezi mingi, kwa kuwa ugonjwa huu una tabia ya kurudi.