Maswali ya Wasomaji: Moyo Ukiamini, Mwili Unafanya Nini?

Barua za safari hii zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Busia. Nyingi zinauliza jambo moja: ninachoamini kinaweza kunitia ugonjwa, au kuniponya? Imani ina nguvu kubwa juu ya kile mtu anachokihisi, yaani maumivu, kichefuchefu, uchovu, mapigo ya moyo, hata nguvu za kiume. Lakini haimfikii mdudu wa malaria aliye ndani ya damu. Watu wengi huumia kwa kuyachanganya hayo mawili.

Mama mkwe wangu akipata malaria hukataa tembe. Anasema bila sindano hajatibiwa. Juzi alidungwa kwenye kemisti, akapata nafuu jioni hiyo hiyo, na baada ya siku nne akazidiwa. Nimwambie nini? — Msomaji, Nyalenda, Kisumu

Dada, usimwambie kwamba nafuu aliyoipata ni ya kubuni, kwa sababu si kweli. Watafiti wamelinganisha sindano isiyo na dawa na tembe isiyo na dawa kwa watu wenye maumivu ya goti, na sindano ikaonekana kupunguza maumivu zaidi. Kule kuchomwa, harufu ya spiriti na kushughulikiwa na mtu kwa mkono wake huufanya ubongo utarajie nafuu, na ubongo unaotarajia nafuu hupunguza maumivu kweli.

Swali ni hili: alidungwa nini? Mara nyingi sindano ya haraka ya kemisti huwa ni ya kutuliza maumivu, kama diclofenac. Homa hushuka, viungo hulegea, mtu hula ugali wake na kulala. Wadudu nao huendelea kuzaana. Muulize mhudumu jina la dawa, na uliandike.

Malaria isiyo kali, iliyothibitishwa kwa kipimo cha damu, hutibiwa kwa AL, yaani tembe zenye dawa mbili, artemether na lumefantrine. Mtu mzima wa kilo 35 au zaidi humeza tembe 4 kwa mara moja, mara 6 kwa siku 3, jumla tembe 24. Dozi ya pili humezwa muda wa saa 8 ukishapita tangu ya kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea: wakianza saa nane mchana husubiri hadi asubuhi. Siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni. Amezee na chakula chenye mafuta: maziwa, yai, parachichi au mboga iliyokaangwa. Lumefantrine, ile sehemu ya pili ya dawa, haiingii vizuri mwilini mtu akiwa na chai ya rangi tu tumboni. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, arudie dozi.

Mweleze pia kwa nini siku ya pili anajihisi mzima. Artemether huua wadudu wengi upesi, kisha hutoka mwilini kwa saa chache. Lumefantrine hubaki kwa siku kadhaa ikiwamaliza waliosalia. Akiacha njiani, hao waliosalia ndio watakaomrudisha kitandani wiki mbili au tatu baadaye.

Ziko sindano za malaria zilizo za kweli. Artesunate ni ya malaria kali: mgonjwa anapata degedege, amepoteza fahamu, hawezi kukaa wala kunywa, anatapika kila kitu, anahema kwa shida au mkojo umekuwa mweusi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Hudungwa mara ya kwanza, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, na akiweza kumeza lazima amalizie na dozi kamili ya AL. Mama akisikia kwamba hata waliodungwa hospitalini humalizia kwa tembe, huenda akalegea. Dozi ya kwanza mpe wewe kwa mkono wako, ukae naye. Kule kushughulikiwa anakokupenda kwenye sindano unaweza kukuweka kwenye tembe.

Nina miaka 46. Niliandikiwa atenolol ya presha. Wenzangu kazini wakaniambia dawa hiyo humaliza nguvu za kiume, na kweli wiki ya pili mambo yakaharibika. Nimeacha dawa. Nilikosea? — Fundi, Nakuru

Kaka, shida yako ni ya kweli na huna haja ya kuionea haya. Lakini sikiliza utafiti huu wa Italia uliochapishwa mwaka 2003. Wagonjwa wa moyo na presha 96 walipewa atenolol. Kundi la kwanza halikuambiwa ni dawa gani, na waliolalamika kwamba nguvu zimepungua walikuwa asilimia 3 hivi. Kundi la pili liliambiwa jina la dawa tu: takriban asilimia 16. Kundi la tatu liliambiwa jina pamoja na kwamba inaweza kupunguza nguvu za kiume: asilimia 31. Dawa ni ile ile. Kilichotofautiana ni walichoambiwa.

Mwanamume anayeingia chumbani akijichunguza kama mambo yataharibika huwa na wasiwasi, na wasiwasi hubana mishipa ya damu pale pale inapotakiwa kufunguka. Halafu presha yenyewe, isipotibiwa, huharibu mishipa hiyo hiyo. Wanaume wengi huilaumu dawa kwa kazi iliyofanywa na ugonjwa.

Ulichokosea ni kuacha ghafla. Atenolol ikikatwa ghafla, mapigo na presha vinaweza kuruka juu kuliko ulivyoanza. Rudi kliniki wiki hii, useme waziwazi shida ni ipi. Ziko dawa nyingine, kama losartan au amlodipine, ambazo mara nyingi hazileti malalamiko hayo. Kubadilishiwa dawa ni jambo la kawaida.

Pima presha nyumbani kabla ya kurudi, kwa sababu wapo ambao presha yao hupanda wakiona koti jeupe la daktari tu. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Nenda haja ndogo. Keti dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu isipishane, mkono mezani usawa wa moyo, ukanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Usiongee. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7. Siku ya kwanza itupe, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, 135/85 kwenda juu ni presha. Ukanda mdogo kwa mkono mnene huongeza namba; kwa fundi mwenye misuli hilo ni la kuangaliwa.

Wasichana 11 wa kidato cha pili miguu imelegea, hawatembei. Alianza mmoja wakati wa prepu. Vipimo vya damu ni safi. Wazazi wengine wanasema majini, walimu wengine wanasema wanajifanya. — Mwalimu, Kaunti ya Kakamega

Mwalimu, kwanza hakikisheni si jambo jingine. Homa, shingo kukakamaa, vipele, kushindwa kukojoa, kuhara, au wote kuwa wamekula chakula kimoja au kulala karibu na jenereta: lolote kati ya hayo lichunguzwe upesi hospitalini.

Kama hayapo, na dalili zilihama kutoka kwa msichana mmoja hadi kwa waliomwona, hii ni hali inayojulikana tangu zamani. Mfano mkubwa uko ng'ambo ya ziwa letu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walipopelekwa makwao hali iliibuka katika kijiji cha Nshamba, ikawapata watu 217. Hakuna sumu wala kijidudu kilichopatikana. Kwa hiyo msiharakishe kufunga shule.

Hawajifanyi. Miguu yao haiitiki kweli, ingawa mishipa ya fahamu ni mizima. Daktari anaweza kulionyesha hili kitandani. Msichana analala chali. Daktari anaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu uliolegea, kisha anamwambia auinue ule mwingine huku akiuzuia. Kisigino cha mguu "uliokufa" kinakandamiza kiganja chenyewe, bila kuamriwa. Mwombeni daktari amwonyeshe msichana mwenyewe, amwambie, "Umeona? Njia iko wazi, mguu unafanya kazi." Hiyo ni sehemu ya tiba.

Watenganisheni leo. Msiwalaze bweni moja. Kila mmoja awe mahali patulivu, na watazamaji waondoke. Simu za kurekodi zizuiwe. Mtu mmoja tu azungumze na wazazi, kwa maneno yale yale kila mara: wamepimwa, hatari haikuonekana, watapona. Mzazi anayetaka kumwombea mwanawe amwombee, wawili kwa utulivu. Maombi ya kelele ukumbini, shule nzima ikitazama, huongeza waathiriwa. Ving'ora vya ambulensi vivyo hivyo. Warudi darasani kidogo kidogo, anayeweza kusimama apongezwe bila shangwe.

Baadaye, wasichana wakishatulia, chunguzeni walikuwa wamebeba nini. Prepu huisha saa ngapi, na kengele ya asubuhi hulia saa ngapi? Kuna adhabu, mtihani au mtu wanayemwogopa? Kwa maoni yetu hili ndilo swali ambalo shule nyingi hulikwepa, na wasichana hao wanastahili jibu lake.

Daktari anasema vidonda vyangu vya tumbo ni bakteria. Nilijua ni mawazo. — Mama mboga, Kondele

Daktari yuko sahihi kuhusu chanzo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi vinatokana na bakteria wa tumboni. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac. Mawazo huyafanya maumivu yasikike zaidi. Kabla ya kupima choo kutafuta bakteria hao, omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, iachwe wiki 2 na antibayotiki wiki 4, la sivyo kipimo kinaweza kudanganya. Ukiandikiwa dawa za siku 14, zimalize zote. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kaka yangu anaishi na virusi vya UKIMWI. Kipimo kilisema virusi havionekani, akaombewa, akaamini amepona. Hajameza ARV kwa siku 16. — Msomaji, Busia

Kutoonekana maana yake ni kwamba dawa imevizuia virusi kuzaana. Vingine vimelala ndani ya chembe za CD4, zile chembe za kinga ya mwili, na havipimiki. Dawa ikiachwa, kwa kawaida huanza kuonekana tena ndani ya wiki chache, na hapo anaweza kumwambukiza mwenzi wake.

Usibishane naye kuhusu imani. Ataitetea, na utetezi utamfunga zaidi. Omba ruhusa kwanza: "Naweza kukuuliza jambo?" Kisha: "Kutoka 0 hadi 10, uko tayari kiasi gani kuzimeza tena?" Akisema 3, usimuulize kwa nini si 9. Muulize kwa nini si 0. Atakapojibu, sababu za kumeza zitatoka kinywani mwake mwenyewe, labda watoto, labda kazi. Ukishazisikia, muulize kama kuomba na kumeza vinagombana. Waumini wengi hufanya vyote viwili kila jioni. Kama mchungaji wake anakubali kulisema hilo, neno lake litafika mbali kuliko lako.

Akikubali, msingoje tarehe ya kadi. Nendeni kliniki siku hiyo, aseme wazi ni siku ngapi ameruka, na yeye na mwenzi wake watumie kondomu mpaka kipimo kipya cha wingi wa virusi kirudi safi.