Re: Mkaa wa magunzi kwa maji ya karakana yenye kromiamu

Ndugu, umeuliza iwapo mkaa wa magunzi ya mahindi utaondoa kromiamu na zinki katika maji ya karakana yako ya Kariobangi kabla hujayamwaga. Mkaa huo unaweza, lakini si ule wa jikoni. Magunzi, vifuu au maganda ya makadamia huhitaji kuamilishwa, ama kwa kulowekwa katika asidi ya fosforiki na kuchomwa bila hewa kwenye nyuzijoto 400 hadi 600, ama kwa mvuke wa nyuzijoto zipatazo 800 au zaidi, ndipo vitundu vifunguke na gramu moja iwe na eneo la mamia ya mita za mraba.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: kadiri inavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi. Kromiamu ya daraja la sita, ambayo ndiyo yenye sumu kali, hunaswa vizuri maji yakiwa na asidi nyingi, karibu pH 2, na sehemu yake hugeuzwa na kaboni, yaani mkaa huo ulioamilishwa, kuwa ya daraja la tatu. Zinki hutaka pH ya 5 hadi 6. Kwa hiyo, hatua moja haitoshi, na kwa maji yenye metali nyingi ningeanza na kemikali za kugandisha metali, kisha kaboni imalizie mabaki.

Kaboni iliyoshiba usiitupe jaani wala kuitumia kama kuni: ni taka hatari, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, inataka ibebwe na mwenye leseni.