SACD au DVD-Audio: ami alete deki gani?

Mwenzetu wa Chake Chake ameuliza: ami yake anakuja likizo kutoka Muscat, amwagize deki ya SACD au ya DVD-Audio (aina mbili za diski za muziki zilizokusudiwa kuipita CD kwa ubora wa sauti), na ipi ina maisha mbele? Mimi kazi yangu ni kurikodi taarab hapa Mjini Unguja, na deki za aina zote mbili nimezitumia.

DVD-Audio achana nayo. Ilipotoka 2000 kwa maandishi ilitisha: biti 24 (undani wa kila kipimo cha sauti) kwa kilohezi 192 (vipimo elfu 192 kwa sekunde) katika chaneli mbili, na CD ya kawaida ni biti 16 kwa kilohezi 44.1. Lakini deki ya CD haiisomi, na mara nyingi mpaka uwashe televisheni ndipo uchague wimbo. Haikudumu.

SACD, ya Sony na Philips tangu 1999, imeokoka kwa sababu diski zake nyingi zina matabaka mawili: leza ya deki ya SACD inasoma tabaka lililo katikati ya unene wa diski, na leza ya deki ya CD inalipenya hilo na kusoma la juu, upande wa lebo. Diski hiyohiyo inalia mpaka kwenye gari. Japani na Ulaya bado wanazitoa, hasa muziki wa klasiki. Naona itaendelea hivyo, kwa wapenzi wachache.

Tatizo ni deki. Kampuni ya Oppo, waliokuwa wakitengeneza zinazosoma aina zote, walitangaza kuacha 2018. Na hewa yetu ya chumvi haina huruma: nimefungua deki nikakuta chuma inachopitia lenzi kimeota kutu, grisi imekauka kama nta, ikitafuta wimbo inakwaruza tu. Lenzi ya kubadilisha utaipata wapi Darajani?

Halafu kuna jambo linaloniudhi mpaka leo. Kwa kuogopa watu kunakili muziki, kampuni zilizuia sauti kamili isitoke kidijitali kwenye deki za mwanzo. Ukitaka chaneli sita, yaani sauti ya kukuzunguka chumbani, uchomeke nyaya sita. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililowafukuza wanunuzi. Leo Apple Music, huduma ya muziki wa mtandaoni, tangu 2021 wanatoa hadi biti 24 kwa kilohezi 192 bila kuongeza bei.

Sikio je? Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walipitisha sauti ya diski hizi kwenye kiwango cha CD, na wasikilizaji hawakuweza kutofautisha kwa sauti ya kawaida. Lakini wenyewe walikiri kuwa diski zile zilisikika vizuri kuliko CD nyingi, si kwa aina ya diski bali kwa kuwa zilitayarishwa kwa uangalifu. Nakubaliana nao kabisa. Sikiliza uzi wa kanuni, ile ala ya taarab, risha ikishaachia, ule mlio unavyofifia taratibu: fundi wa sauti akiwa ameubana wakati wa kutayarisha, hakuna diski itakayourudisha.

Kwa hiyo, kama hujawa na diski za SACD, ami alete DAC ya USB (kifaa cha kugeuza faili za kidijitali kuwa sauti) na spika nzuri. Na kama nyumbani mna kanda za taarab za zamani, pesa itakayobaki ipeleke huko: zihamishwe kwenye faili za biti 24 kwa kilohezi 96, kabla ukungu haujazimaliza.