Kuchora manga bila fundi wa kukaa naye

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: "Ni ufundi gani wa mikono ambao mtu anaweza kuupata kwa vitabu na video tu, bila kukaa na fundi?" Mimi nataja uchoraji wa manga, katuni za Kijapani. Nimejifunza hapa hapa Mbeya kwa vitabu vya kufundishia na video za YouTube, na sasa nawaonyesha vijana wengine. Jibu langu ni kwamba ufundi huu unapatikana kwa njia hiyo, tena vizuri. Kitu kimoja tu hukipati kitabuni wala kwenye video, nacho ni jicho la mtu mwingine la kuitazama kazi yako na kukuambia mkono umepotoka wapi. Jicho hilo lazima mtu alitafute, na nitaeleza sisi tulivyolipata.

Kwanza niwatoe wasiwasi wanaodhani kujifunza kuchora kwa kitabu ni mambo ya watoto wa simu. Japani kwenyewe ni njia ya zamani. Mwaka 1814, katika mji wa Nagoya, ilichapwa juzuu ya kwanza ya michoro ya Hokusai, mchoraji mashuhuri wa Kijapani: wanamieleka, watu wanaooga, ndege, samaki, mimea, nyuso za kila aina. Ilikuwa vielelezo vya kunakili, na hata mwanafunzi aliyekuwa mbali na Hokusai aliweza kujifunza kwake. Juzuu hizo zilifika 15, na za mwisho zilitoka baada ya yeye kufariki mwaka 1849. Karne iliyofuata, mwaka 1965, Shotaro Ishinomori, mmoja wa wachora manga wakubwa wa Japani, naye alitoa kitabu cha kuwafundisha vijana kazi hiyo. Kwa hiyo kijana anayechora huku kitabu kimeegemezwa kwenye chupa ya chai anafuata njia iliyokwisha kupitwa na wengi.

Kitabu kizuri kinakupa mifupa ya mchoro: duara la fuvu, taya, mstari wa kati wa uso, mstari wa macho. Kinakufundisha kuupima mwili kwa vichwa. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba au saba na nusu hivi, shujaa wa manga huweza kurefushwa hadi vinane, na vile vikatuni vifupi vinavyoitwa chibi hubaki na viwili au vitatu. Kinakuonyesha pia kwamba macho yanakaa katikati ya kichwa. Karibu kila anayeanza huyapandisha juu, karibu na nywele, kwa sababu anasahau kuwa fuvu linaendelea hadi utosini. Katika manga, mhusika akiwa mtoto macho hushushwa chini ya katikati na kukuzwa. Akiwa mtu mzima hupandishwa na kupunguzwa, na uso ukarefushwa. Ukilishika hilo unaweza kumchora mtu yule yule akiwa darasa la kwanza na akiwa baba wa watoto wanne. Kwangu mimi thamani ya kitabu iko hapo, kuliko kwenye kurasa za mwisho zenye mapanga na majoka ambazo vijana hukimbilia kwanza.

Video inakupa kile ambacho kitabu hakiwezi, yaani mwendo wa mkono. Mstari mrefu wa mgongo hauvutwi kwa vidole. Unavutwa kwa mkono mzima, kutoka kwenye kiwiko au bega, na ukishaona mtu akiufanya unaelewa kwa nini mistari yako ilikuwa inatetemeka. Lakini chagueni. Video iliyokimbizwa, kazi ya saa tatu ikabanwa kwenye dakika mbili, inapendeza kutazama na haina somo ndani yake. Tafuteni inayoonyesha mkono kwa mwendo wake wa kawaida, hata kama msemaji anaongea Kijapani kitupu. Unasimamisha, unachora, unaendelea. Bando ni ghali, kwa hiyo sisi hupakua video moja na kupeana kwa flashi. Nimeona kwamba anayekaa na video moja wiki nzima huwapita wanaotazama kumi kwa siku.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Vitabu hivi vinanyamaza vikifika kwa watu wetu.

Ukurasa wa nywele, katika kila kitabu cha manga nilichoshika, unafundisha jambo moja: nywele zinatoka utosini, zinaanguka kwa mafungu yenye ncha, na juu yake unaacha utepe mweupe wa mng'ao. Kijana wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, anaufuata ukurasa huo kwa uaminifu, na mhusika anayemaliza hafanani na mtu yeyote aliyekutana naye kati ya Kabwe na Uyole. Sisemi asichore nywele hizo. Nasema na zetu zichorwe, kwa uangalifu ule ule.

Omba ruhusa, ukae saluni wanakosuka, utazame. Msuko wa twende kilioni unafundisha umbo la kichwa kuliko duara lolote la kitabuni. Kila mstari unaanzia kwenye paji, unapanda, unajipinda kufuata fuvu na kushukia kisogoni. Ukiuchora kwa rula kichwa kinakuwa bapa. Ukiufuatisha mpindo wa fuvu kichwa kinajaa chenyewe, bila kivuli hata kimoja. Mtu akikutazama uso kwa uso, mistari ya katikati huonekana kama imenyooka na ya pembeni imepinda. Akigeuka, nafasi kati ya mstari na mstari inabana upande ule unaokwenda mbali nawe. Msichana anayesukwa anakaa ametulia muda mrefu, kichwa kimeinama hivi kisha vile, na wewe unapata pembe zote ambazo kitabu kingekupa kwa kurasa ishirini.

Nywele fupi za kawaida usizijaze vijiduara kichwa kizima. Weka umbo la nje, lijaze weusi, kisha uchangamshe ukingo tu kwa vistari vifupi pale nywele zinapokutana na paji na juu ya sikio. Kiduku kina ukingo mkali unaopendeza kwa wino. Na nywele za kusuka kwa uzi, zile zinazosimama zenyewe, zina umbo ambalo mchora manga yeyote angelitamani, maana mhusika mzuri anatambulika hata ukimpaka weusi mtupu kuanzia utosini hadi unyayoni. Bibi zetu wamevaa umbo hilo miaka yote, na hakuna kitabu cha manga nilichokishika kilichowahi kuliweka kwenye ukurasa.

Ngozi nayo inahitaji fikra. Manga kwa kawaida huchapwa kwa wino mweusi peke yake, na kijivu hutoka kwenye skrintoni, karatasi nyembamba zenye nukta zinazokatwa na kubandikwa. Steshenari zetu hazina. Matokeo yake vijana husugua penseli uso mzima mpaka macho yanazama. Njia ninayoipenda ni vistari vyembamba sambamba vinavyofuata mviringo wa shavu, ukiacha karatasi tupu mwanga unapopiga: kwenye paji, ncha ya pua, mdomo wa chini. Ukiamua kuiacha ngozi nyeupe kabisa, basi pua na midomo ndivyo vibebe kazi. Pua ya manga mara nyingi ni nukta au kistari kimoja. Iongezee mipindo miwili midogo ya matundu, mpe mdomo wa chini kivuli chini yake, na mtu huyo tayari unaweza kumsalimia sokoni.

Kwenye nguo kanuni ya kitabu inafaa popote, kwa sababu mikunjo huanzia mahali kitambaa kinapovutwa. Vitabu vyao vitakuonyesha kiwiko cha sare ya shule ya Japani. Wewe mchore mama aliyembeba mtoto mgongoni: mikunjo ya kitenge inakimbilia kwenye fundo la kifuani, na nyuma kitambaa kimetanuka laini kwa uzito wa mtoto. Mwezi wa saba, mji mzima ukiwa ndani ya masweta na makoti, utaona kwamba kitambaa kizito kina mikunjo michache, minene, na hakibani mwili.

Wapo wazee wetu wanaouliza kwa nini vijana wa Nyanda za Juu Kusini wahangaike na katuni za watu wengine. Ni swali la haki. Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928 na ambaye Wajapani humtaja kama baba wa manga ya kisasa, macho yale makubwa ya manga aliyapata kwenye filamu za katuni za Kimarekani, za Walt Disney na Max Fleischer, alizozipenda tangu utoto. Akazichukua, akasimulia nazo Japani ya baada ya vita. Msichana wa Tukuyu akiyachukua macho hayo na kusimulia nayo mavuno ya chai, atakuwa anafanya alichofanya Tezuka.

Vifaa nisikae navyo sana. Penseli ya HB na ya 2B, raba, rula na karatasi za rimu zinatosha. Kwa mazoezi ya haraka ya mwili mzima napenda karatasi kubwa za kaki za kufungia bidhaa, kwa kuwa ni nafuu na hazimtishi mtu. Wajapani hutumia kalamu ya nibu, yenye ncha ya chuma ya kuchovya wino, ambayo ukiikandamiza mstari unanenepa. Kwa kalamu ya kawaida pitisha mara mbili kwenye mistari ya nje na chini ya kidevu, ya ndani uiache myembamba.

Nirudi kwenye lile jicho. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, ndugu na jamaa walikaa naye wakijifunza. Alipofariki mwaka 1972 mtindo wake haukufa naye, kwa sababu mikono iliyoujua ilikuwa imeshakuwa mingi. Waliokaa pale walikuwa na mtu wa kuwasahihisha papo hapo. Anayejifunza kwa kitabu hana mtu huyo.

Ukiwa peke yako, njia ya kwanza ni dirisha. Igeuze karatasi, iweke kwenye kioo mchana, utazame mchoro kutokea nyuma. Jicho lililopanda na taya iliyovutika upande mmoja vinajitokeza mara moja, kwa sababu ulikuwa umeuzoea upande wa mbele. Wachoraji wanaotumia kompyuta hufanya hivyo hivyo kwa kitufe cha kugeuza picha.

Njia ya pili ni watu, na hapa tumemfuata Ishinomori niliyemtaja. Alikulia mkoa wa Miyagi, mbali na Tokyo. Miaka ya 1950, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alianzisha kikundi cha vijana waliotengeneza gazeti lao kwa mkono na kulizungusha kwa posta, mwanachama mmoja hadi mwingine. Sisi tunalo kaunta buku. Linaanzia Mbeya, linapanda basi hadi Makambako, linafika Iringa, linarudi. Kila anayelipokea anachora ukurasa wake, kisha anaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kurasa za wenzake. Sheria yetu ni kwamba hairuhusiwi kuandika "nzuri" wala "mbaya". Unataja mahali: bega la kushoto limekatika, kichwa kimekaa mbele ya shingo, mkono huu ukishushwa utapita goti. Simu haifai kwa kazi hii. Picha ya simu inapinda, haionyeshi penseli ilikandamizwa kiasi gani, na kwenye kundi la WhatsApp watu hutuma kidole gumba na kupita.

Binti mmoja wa upande wa Iringa alikuwa anaficha mikono ya wahusika wake: mifukoni, mgongoni, nyuma ya ndoo. Karibu kila anayeanza hufanya hivyo, kwani mkono ni mgumu kuchora. Wenzake walimwandikia, kila mmoja kwa zamu yake na bila kupatana, kwamba aitoe mikono nje. Kaunta buku lilivyorudi, ukurasa wake ulikuwa mikono mitupu: inamenya viazi, inafunga kamba ya kiatu, inahesabu chenji kwenye bajaji. Kitabu chake kilikuwa na sura nzima kuhusu mikono tangu mwanzo. Aliifungua baada ya wenzake kumwambia.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina ombi. Kati ya mwaka 1947 na 1955 Japani ilikuwa na gazeti la vijana lililoitwa Manga Shonen, lililopokea michoro ya wasomaji kutoka nchi nzima, na kazi ya kwanza ya Ishinomori ilichapwa humo kabla hajamaliza sekondari. Nanyi mna kurasa, na mna mchoraji wa katuni. Tupeni nusu ukurasa kwa mwezi. Msomaji atume mtu mmoja, kichwa hadi miguu, kwa penseli au wino, na mchoraji wenu aandike sentensi mbili chini ya kila mchoro unaochapwa: nini kimekaa sawasawa, nini kimepotoka na kwa nini. Msichape zilizonakiliwa kitabuni. Ombeni mtu anayeishi mtaani kwa msomaji anayetuma mchoro, na mwambieni msomaji huyo aandike ni mtaa gani.