Kisumu Hununui Joto

Kiamunyi, Nakuru

Mama yangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeuliza: "Baba, ninunue ile grinihausi ya kampuni ya mita 8 kwa 15, waje waisimamishe wenyewe, ama nitafute fundi anijengee ndogo nyuma ya nyumba?" Na picha ya karatasi ya bei nimeiona. Usiilipe. Jenga, tena jenga ndogo, na si ajabu ukimaliza kusoma hapa usitake hata kuiita grinihausi.

Nianze na yangu, kwa sababu ulikuwa bweni na hukuiona ikifa. Mwaka wa 2013 nilichukua mkopo wa sacco nikanunua ya ukubwa huohuo. Msimu wa kwanza tulivuna nyanya mpaka mama yako akachoka kugawia majirani. Msimu wa pili, mimea ikiwa imenifika kifuani na imeanza kubeba, mmoja karibu na mlango ulilegea saa sita mchana kama uliokosa maji. Jioni ukasimama tena. Nikaongeza maji. Siku mbili baadaye haukuamka, jirani yake akafuata, halafu mstari mzima. Majani yalikuwa bado ya kijani, na hilo ndilo lililonichanganya, maana mimi nilijua mmea mgonjwa huanza kwa kuwa manjano.

Afisa wa kilimo alipokuja hakuwa na kifaa chochote. Alikata shina karibu na udongo, akaomba glasi ya maji safi, akalishika shina ndani ya maji bila kulitikisa. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ulianza kushuka kutoka kwenye mkato. "Mnyauko wa bakteria," akasema. "Hii haina dawa ya kupuliza."

Kisha akaniuliza: hapa zamani mlipanda nini? Viazi, nikamwambia, tangu enzi za babu yako. Basi, akasema, ndiyo hayo. Viazi, nyanya, biringanya, hoho, hata managu, wote ni ukoo mmoja, na bakteria huyo hukaa udongoni miaka akingoja mmoja wao arudi. Aliyeniuzia alinifundisha kufunga kamba na kupunguza machipukizi, lakini habari za udongo hakuniuliza, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kuulizwa. Kumbe nilikuwa nimeujengea ugonjwa nyumba, nikaunywesha kwa dripu, nikautembeza kwa gambuti zangu kutoka mstari hadi mstari. Mkopo niliendelea kuulipa miaka miwili baada ya nyanya ya mwisho kung'olewa.

Sasa kwako. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850. Kisumu ni kama mita 1,130, na ziwa liko mlangoni. Huku kwetu usiku wa Julai ni wa sweta mbili, kwa hivyo plastiki ilinisaidia kushika joto kidogo. Lakini nikikumbuka vizuri, faida kubwa haikuwa joto hata huku. Ilikuwa kwamba majani hayakunyeshewa. Ule ugonjwa wa mvua unaochoma shamba la nyanya mpaka linaonekana limemwagiwa maji moto huhitaji jani lilale likiwa limelowa. Jani likikaa kavu, mbegu za ugonjwa huo haziwezi kuota juu yake. Pesa zile zote, mama, nilinunua paa.

Joto wewe unalo bure. Ukizungusha plastiki pande zote hapo kwako Nyamasaria, saa nane mchana ndani patapita nyuzi 40. Nyanya ikishinda katika joto la kupita nyuzi 35, chavua yake huharibika, maua yanakauka na kudondoka, nawe utabaki kulaumu mbegu. Unachotaka ni plastiki juu na neti ukutani, kutoka chini hadi chini ya paa. Watanzania huita kitalu nyumba, na jina lao nalipenda kwa sababu halimwahidi mtu joto.

Mita 6 kwa 10 inakutosha. Hapo utapanda nyanya kama 130 hivi, na utashangaa kazi yake. Mwambie fundi kingo za paa zisiwe chini ya mita 3, na katikati pawe juu zaidi, na pale juu kabisa aache mwanya wenye neti ili hewa moto itoke. Upande mrefu uutazamishe kule upepo wa ziwa unakotokea mchana. Neti iwe ya matundu madogo, kwa sababu ya Tuta, yule nondo aliyeingia Kenya 2014 na kutoboa majani na matunda. Lakini neti ndogo huzuia hewa pia, ndiyo maana nasisitiza urefu. Mlango uwe wa mara mbili kama wa benki, ufunge mmoja kabla ya kufungua mwingine. Na hapo katikati weka beseni la dawa la kukanyagia. Watu watakucheka. Waache wacheke, na wasioingia beseni wasiingie ndani.

Nguzo za mikaratusi zitafaa, sehemu ya kuzikwa ipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa. Udongo wako mweusi huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hivyo usikubali shimo la nusu mita na udongo uleule kurudishwa. Zidisha kina, kisha mawe na simiti. Kila mahali plastiki inapogusa mbao viringisha gunia kuukuu, maana plastiki haichaniki katikati, huchanika pale inaposuguliwa. Nunua ile ya maikroni 200 iliyotengenezwa kustahimili jua. Ile ya kufunikia matofali itakuwa vipande kabla ya mwaka kuisha. Na siku ya kuivuta ianze saa nne asubuhi, jua likiwa limeipasha ikalegea na upepo haujaamka. Ukiivuta kukiwa baridi, mchana itapiga makofi.

Maji tunaweza kuyapiga hesabu hapa hapa. Nyanya iliyokomaa ikinywa lita moja na nusu kwa siku, 130 ni karibu lita 200. Tangi la lita 500 juu ya jukwaa la mita moja na nusu, na chujio kabla ya mipira ya dripu, halafu basi. Paa lenyewe ni mita za mraba 60, kwa hivyo mvua ya milimita 10 ni lita 600, ukiweka mfereji wa kuyakusanya. Huko kwenu mvua ya milimita 10 ni ya kawaida tu, inakuja jioni moja na radi zake. Mfereji huo usiuache nje ya hesabu, kwani maji yakimwagika hapo pembeni yataingia ndani kwenye matuta.

Matuta yenyewe yainue sentimita 30 au zaidi, maana hapo nyumbani kwako maji hutuama. Na ukileta udongo wa nje, usimwamini mwenye lori. Uliza ulichimbwa wapi na palipandwa nini. Waulize pia wazee wa hapo kama kiwanja chako kiliwahi kuwa shamba la nyanya. Hata wakisema hapana, msimu wa kwanza mimi ningepanda matango, yanapenda joto na hayamo katika ukoo ule. Chukua mbegu ya yale yanayozaa bila nyuki, maana nyuki hawatapita neti. Nyanya hazina shida hiyo, utatikisa tu kamba zake asubuhi, maua yajichavushe.

Mumeo nimesikia anasafiri sana na wewe una zamu. Kwa hivyo fikiria nani atakuwa hapo kila siku saa saba, maana dripu ikiziba Jumatatu, Jumatano hakuna mimea. Hilo ni lenu, silijui mimi.

Kabla ya fundi kukanyaga hapo, chimba udongo wa sehemu kumi tofauti za kiwanja, kina cha jembe, uchanganye kwenye ndoo safi, unifungie kilo moja kwenye mfuko. Mtumie dereva wa matatu, mimi nitaupeleka maabara huko Njoro ukapimwe. Na kwa gari la Ijumaa nakutumia kipimajoto changu kile cha grinihausi, mama yako amekifunga ndani ya sweta ya mtoto. Kitundike kivulini nyuma ya nyumba, usawa wa kichwa, wiki nzima. Uniandikie kinasema nini saa mbili asubuhi na saa nane mchana.

Baba yako